Kompyuta Iliyokaa Eda

Mimi ni mtu wa nyumbani. Sisemi hivyo kwa kujisifu wala kwa kujuta. Nasema kama mtu anavyosema ana miguu mirefu. Nilipomaliza kidato cha nne wenzangu walitawanyika. Mmoja alikwenda Mombasa, wawili wakaingia hoteli za Diani kubeba mizigo ya wageni, mwingine akaenda Funzi kutembeza watalii. Mimi nilirudi Msambweni, nikavua viatu mlangoni, na ni kama sikuvivaa tena. Majirani wakipita walikuwa wakiuliza, "Mwali wa kiume hajambo humo ndani? Hajatolewa bado?" Nami nikiitikia vizuri tu. Mtu anayekula cha nyumbani hana ubavu wa kukasirika.

Basi dada yangu mkubwa alipofiwa na mumewe, na wazee wakaamua eda akaikalie kwetu, hakuna aliyejua kuishi ndani kama mimi. Nilitaka hata kumpa mafunzo. Nyumba yao ya Ukunda ilikuwa ya kupanga, vyumba vimetazamana na wapangaji wa kila namna, wanaume wanapita na mataulo asubuhi. Mjane hawezi kukaa hapo. Kwetu wazazi walikuwa wameshatangulia mbele ya haki, nyumba ni yangu na yake, na chumba cha uani kina dirisha linalotazama mpapai tu. Akaingia humo. Miezi minne na siku kumi: hatoki, hajipambi, hajitii manukato, na mwanamume asiyekuwa maharimu wake hamwoni. Shangazi yetu akatoka Majoreni na mfuko wake wa nguo kuja kumwangalia, na kwa kuwa jicho la shangazi ni kubwa, likaniangalia na mimi.

Dada alikuwa karani katika hoteli moja ya ufukweni Diani. Ilikuwa ile miaka ya mwisho ya tisini, wageni wamekuwa haba, hoteli nyingine zimefunga na nyingine zinapunguza watu kama mtu anavyopunguza samaki sahanini, mmoja mmoja, akidhani wenzake hawaoni. Yake ilikuwa imeuzwa. Meneja wake, mama wa kutoka bara, Mkristo mwenye msalaba mdogo shingoni, alikuja kutoa pole. Alivua viatu, akakaa mkekani, akala tambi zetu. Kisha akasema lililomleta.

"Mimi sijui hizi siku zenu zinahesabiwa vipi, na sitaki kuziingilia. Lakini wenyewe wapya wanakuja kabla hujamaliza. Wanataka mali yote ya hoteli kwa kompyuta, chumba kwa chumba. Nitakuletea mashine hapa. Kazi ikiwa tayari, kiti chako nitakitetea. Isipokuwa tayari, dada, nitasema nini? Kuna msichana wamemtuma kutoka Nairobi, yuko hapo mapokezi anangoja tu."

Dada aliinama, akasema, "Itakuwa tayari."

Kesho yake pikapu ya hoteli ikaja na kompyuta na gunia la makaratasi yaliyoandikwa kwa mkono na wahudumu wa vyumba. Dada hakuwa na mtoto, wala mume tena, na sasa hata kutoka nje hakuna. Alichobakiza ni kile kiti cha ofisini. Hakuna aliyelisema hilo, lakini sote tulilijua, hata mimi ambaye viti vya ofisini havijawahi kunikosesha usingizi.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya namna ya zamani ile: kasha limelala mezani, na juu yake skrini yenye kisogo kikubwa kama boga. Tuliiweka chumbani kwa dada. Shangazi akaja kuikagua. Yeye alikuwa ameshafunika kioo cha kabati kwa kanga, maana kwetu mjane hajitazami kiooni. Ustadhi wa madrasa aliwahi kusema kwamba hilo la kioo si la dini, ni mila tu. Shangazi akamjibu kwamba yeye ustadhi hajawahi kufiwa na mume. Mjadala ukaishia hapo.

Akaiinamia ile skrini, ikiwa imezimwa, nyeusi. Akajiona. Akaona hata jino lake la mbele.

"Astaghfirullah! Kumbe hili nalo linaonyesha."

"Likiwashwa halionyeshi, shangazi," nikamwambia.

"Na likizimwa?"

Shangazi akaufuata mfuko wake wa nguo. Akatoa buibui lake kuukuu, lile zito la zamani, akalikunja mara mbili, akalishona kwa mkono mpaka likawa vazi kamili. Lilifunika skrini, likafunika kasha, likashuka mpaka juu ya meza. Mbele alilipasua. Dada akitaka kuandika, hulinyanyua lile pande la mbele na kulitupa nyuma, kama mwanamke anayefunua uso ili akuone vizuri. Akimaliza, hulishusha. Shangazi akarudi nyuma kuitazama kazi yake. "Sasa na yeye anakaa eda," akasema.

Mimi sikuona ajabu yoyote. Kwetu kila kitu kina nguo yake. Redio ina kitambaa, friji ina kitambaa cha kufuma chenye maua, mtungi una kawa, na lau ningekaa kimya sebuleni muda mrefu nadhani na mimi ningefunikwa.

Asubuhi ya kwanza dada aliandika vizuri. Nilikaa kwenye kitanda namsomea makaratasi: vitanda, vyandarua, mapazia, kikapu cha taka, Biblia droo ya juu. Jua lilipopanda, skrini ikafa ghafla. Haikulia wala haikutoa moshi. Ikawa nyeusi tu, halafu yenyewe ikajiwasha na kuanza kuhesabu namba zake za mwanzo, kama mtu aliyesinzia msikitini akashtuka na kujidai alikuwa anavuta tasbihi. Chumba kizima kilikuwa kimepotea na vitanda vyake.

"Umegusa nini?" nikamwuliza.

"Nimegusa herufi. Ndiyo kazi yake, kuguswa."

Akaandika upya. Ikafa tena. Baada ya hapo akazoea kuhifadhi kazi kila baada ya mistari michache, lakini mashine nayo kama ilikuwa ikimvizia. Akikaribia kuhifadhi, ndipo inapokufa. Siku nzima ya kazi ikawa inatoa vyumba vitatu au vinne, na hoteli ilikuwa na vyumba vingi.

Sasa, katika nyumba ile aliyesoma fizikia nilikuwa mimi. Alama niliyopata mwalimu aliisoma kwa sauti ya chini kwa kunisitiri, lakini shangazi hakuwapo darasani. Nikatangaza kwamba tatizo ni umeme. Nikasema kwa sauti nzito: nguvu inapanda na kushuka, friji inanyang'anyana na kompyuta. Nikaizima friji. Kompyuta ikaendelea kufa, na samaki wa shangazi wakaungana nayo.

"Daktari wetu," shangazi akasema, akiwamwaga wale changu nje, "mgonjwa hajapona, na jamaa za mgonjwa wamekufa."

Jirani mmoja mwanamke akasema amesikia kwamba kompyuta zote za dunia zitapofuka mwaka elfu mbili ukiingia. Labda hii imetangulia. Shangazi yeye alisema ni hasadi, akaisomea Ayatul Kursi na kuipulizia. Kwa muda ikatulia, tukatazamana. Kisha ikafa.

Meneja akamtuma fundi. Alikuwa kijana wa bara, anakaa Bongwe, ana kijiduka chake Ukunda, na ndiye aliyekuwa akitengeneza mashine za hoteli. Alikuja na mkoba wa bisibisi na Kiswahili cha kwake.

"Sasa, mathe," akamwambia shangazi.

Shangazi akamtazama toka viatuni hadi kichwani. "Kwetu watu huamkia."

"Pole. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Umeona? Hata haikuumi."

Akataka kuingia ndani na mkoba wake. Shangazi akakaa mlangoni, na shangazi akikaa mlangoni mlango umeshafungwa. Ikabidi fundi abaki barazani, dada abaki chumbani na mashine, na mimi niwe katikati, kwenda na kurudi.

"Muulize inazima ikiwa inafanya nini," fundi akasema.

Nikaingia. Dada akafikiri kwanza, kama kawaida yake. "Mwambie haizimi nikianza. Huzima nikishaandika kwa muda. Na ikishazima mara moja, mara ya pili huja upesi zaidi. Asubuhi ni afadhali kuliko mchana. Umeshika?"

Nikashika. Nikapita ukumbini, shangazi akaniuliza kama nimeona kawa la mtungi, nikamtafutia, nikafika barazani.

"Anasema inazimazima tu," nikamwambia fundi.

"Kwa hivyo haina pattern?"

"Haina."

Nimewahi kusikia kwamba waya mbovu huweza kuangusha mashine nzuri. Siku ile waya ulikuwa na miguu, na ulikuwa umevaa kikoi.

Fundi akauliza kuna nini humo chumbani, kitu chochote karibu na mashine. Nikamtajia: kitanda, meza, kabati, dirisha, mswala, jagi la maji, feni ya kusimama ambayo haizunguki. Akauliza jagi liko mbali gani. Nikajibu kwa uaminifu mkubwa. Mwishowe akachoka kusukwa kama ukili, akasema iletwe nje. Shangazi akaingia kwanza, akaivua ile nguo na kuikunja juu ya kitanda, kwa sababu nguo ya eda haitoki mbele ya wanaume. Ndipo nikaibeba, kasha kwanza, skrini baadaye, tukaiunga na umeme wa sebuleni kwa waya mrefu.

Ikafanya kazi. Fundi alifungua kifuniko, akatoa vumbi na mchanga na mayai mawili ya mjusi, akabadilisha kitu kimoja chembamba mfano wa kitana, akaiacha iwake tangu asubuhi mpaka ikaadhiniwa laasiri. Haikutikisika. Nilimpa fundi mkono wa pongezi kana kwamba tumeifanya wote. Tukairudisha ndani, dada akanyanyua buibui la mashine na kuketi, na kabla fundi hajafika hata barabarani nikamkimbilia kumwambia imekufa.

Akarudi siku nyingine na stabilaiza ya kutuliza umeme. Nje ikawa nzima, ndani ikafa. Akabadilisha waya. Nje nzima, ndani maiti. Akakaa kwenye ngazi ya baraza, akajifuta jasho.

"Buda, hii mashine haina shida. Shida iko kwa hiyo room."

Alisema vile kwa kukata tamaa tu, kama fundi yeyote anavyosema. Lakini shangazi aliyasikia, na jirani aliyapokea ukutani, na kufikia magharibi mtaa mzima ulikuwa na jibu: ni marehemu. Hataki mkewe afanye kazi. Amekuja kuizima.

Mimi nilicheka. Nilicheka mpaka nilipoingia chumbani na kumkuta dada ameishusha ile nguo, amekaa kitandani, mikono mapajani.

"Umesikia upuuzi wao?" nikamwambia.

"Alikuwa akitaka niache," akasema.

"Nani?"

"Shemeji yako. Tangu mwaka juzi. Anasema narudi nimechoka, nanuka hoteli. Mara ya mwisho tuliongea hilo alikuwa ameshaanza homa. Nikamwambia tutazungumza ukipona." Akaikunja ncha ya kanga yake. "Hatukuzungumza."

Sikujua la kusema, na nisipojua la kusema huwa nasema mengi. Nikamkumbusha kwamba shemeji, Mungu amrehemu, alikuwa hawezi hata kuitafutia redio stesheni. Alikuwa akimwita mtoto wa jirani. Leo kaburini ndiyo kajifunza kompyuta?

"Usimfanyie mzaha," akasema. Lakini hakukasirika. Aliuangalia ule mpapai. "Mimi najua hawezi. Lakini kila nikianza, inakatika. Kila nikianza. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?"

Siku mbili tatu hakuandika neno. Gunia la makaratasi likakaa pembeni, nusu bado. Nilitoka nje ya chumba chake nikakaa ukumbini, na kwa mara ya kwanza nyumba ile niipendayo niliiona ndogo. Mimi niliingia ndani kwa kupenda, na mlango ulikuwa wazi muda wote. Nikitaka kutoka, natoka. Yeye aliingia kwa sababu mtu amekufa, na alikuwa na ahadi moja tu ya kwamba ndani kuna mwisho wake. Hicho kiti kikiondoka, atatoka eda aende wapi? Atarudi palepale kitandani, kwa hiari, kama mimi. Wazo hilo lilinichoma kuliko nilivyotaka.

Meneja akatuma salamu: wenyewe wapya wanafika wiki ijayo. Fundi naye akaahidi kuja kuichukua mashine aende nayo Ukunda, abadilishe kila kinachobadilishika.

Siku aliyokuja, shangazi hakuwapo. Alikwenda nyumba ya tatu kuchambua mchele wa hitima. Dada alikuwa amejikaza asubuhi hiyo kuijaribu kwa mara ya mwisho, nami nikimsomea. Ilikuwa imeshakufa mara mbili, na ya tatu ilikuja wakati uleule fundi anapopiga hodi. Nikamwambia dada ajisitiri nyuma ya pazia. Nikachomoa nyaya. Sikuwa na shangazi wa kuivua nguo mashine, wala mimi si mtu wa safari mbili pakiwa na uwezekano wa moja. Nikakumbatia kasha na skrini kwa pamoja, na buibui lake juu, nikatoka nimepinda mgongo kama mtu aliyebeba mgonjwa.

Niliiweka mbele ya fundi. Akaitazama. Akanitazama. Akaanza kucheka taratibu, halafu akashikilia nguzo.

"Boss. Ni nini hii?"

"Nini nini?"

"Mmeivalisha buibui!"

"Ni kitambaa chake."

"Imekuwa ikivaa hii tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Hata ikiwa inafanya kazi?"

"Hapana, mbele inafunuliwa. Linatupwa nyuma hivi." Nikamwonyesha. Lile pande la mbele likaanguka kisogoni mwa skrini, likarundikana juu ya lililokuwapo, likaziba nyuma ya kasha tabaka juu ya tabaka.

Fundi akaacha kucheka. Akapenyeza mkono chini ya ile nguo na kuutoa upesi. "Weka mkono wako."

Niliuweka. Palikuwa na moto kama pembeni mwa jiko la mkaa. Akaniinamisha, akanionyesha vitundu nyuma ya kasha, na ndani yake kijifeni kidogo ambacho kazi yake ni kutoa hewa ya moto. "Hii ndiyo pua yake," akasema. "Mmeishikilia pua, kwa hili joto la huku kwenu. Ikishindwa kupumua inazima. Ikipoa kidogo inajiwasha. Sasa mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza."

"Nilikuuliza ni nini kiko kwa hiyo room! Ukaniambia mpaka jagi!"

Ni kweli. Nilimtajia mpaka jagi. Nimelifikiria sana jambo hilo tangu siku ile. Sikukificha kitambaa, sikukiona. Ukinipeleka nyumba ya watu na redio iko uchi, hiyo nitaiona. Iliyovaa naona redio tu. Na kila mara mashine ilipotoka kwenda kwa daktari, tuliivua kwanza kwa heshima, kisha tukashangaa mbona ikifika kwa daktari imepona.

Shangazi akatokea njiani akiwa na ungo kichwani. Aliona mashine barazani na nguo yake ya eda, na mkono wa mwanamume wa bara juu yake.

"Ee Mola! Nimeondoka kitambo kidogo tu!"

Tukamweleza. Tukaeleza wote wawili kwa pamoja, jambo ambalo halijawahi kumsaidia mtu yeyote kuelewa. Alipoelewa, akasema, "Nguo haitoki."

"Mathe, pole, shangazi," fundi akasema, "itakufa kabisa."

"Na ife. Nyinyi vijana wa bara, mke wako ukimwacha duniani, wiki ya pili yuko saluni anajitengeneza nywele. Huyu wetu ana eda ya mumewe. Hajitazami."

"Mimi hata mke sina."

"Basi kaa kimya, hili ni la wenye wake."

Nilitaka kusema jambo la fizikia. Mungu akanizuia. Ndipo sauti ya dada ikatoka ndani, nyuma ya pazia la mlango wa ukumbini, haikuwa kubwa. Fundi akageuka mara moja akatazama barabara, na kwa hilo nilimheshimu.

"Shangazi. Umelishona hilo nisijione, sivyo?"

"Ndivyo, mwanangu."

"Ikiwa inawaka sijioni. Naona vitanda na vyandarua vya watu. Inapozima ndipo najiona. Inakuwa nyeusi, na mimi nimeshakaa mbele yake, uso kwa uso. Kila ilipokufa nimejiona. Mara ngapi kwa siku, shangazi? Kioo cha kabati chenyewe sikuwa nakitazama hivyo hata nilipokuwa na mume."

Shangazi alishusha ungo polepole, akautua chini. Nilikuwa nimezoea kumwona akishinda. Sikujua anafananaje akifikiri. Alilitazama lile buibui, mshono wake mwenyewe, uzi mweusi alioupitisha kwa mkono wake.

"Ulijionaje?" akauliza, kwa sauti ambayo nadhani hakuikusudia sisi tuisikie.

"Nimekonda," dada akasema. "Lakini ndimi."

Shangazi akaingia ndani. Nilidhani amekasirika. Akarudi na mkasi. Aliketi barazani palepale, akaikata ile nguo mwenyewe, nyuma yote, pembeni yote, akabakiza pande dogo la kufunika skrini ikiwa imezimwa. "Hili halifiki puani?" akamwuliza fundi, bila kumtazama. Fundi akapima kwa kiganja, akasema halifiki. "Basi utakula wali kwanza ndipo uende. Na ujifunze kusema shikamoo bila kukumbushwa."

Kompyuta ikarudi chumbani, ikawaka, ikabaki imewaka. Dada aliandika siku ile na zilizofuata kama mtu anayelipiza. Ilikuwa si vyumba vitatu tena, ni ghorofa. Koo lilinikauka kwa kusoma. Mahali pengine karatasi za wahudumu zilisema "kitanda kimevunjika mguu mmoja," naye akaniambia nisome hilo pia, nisiruke. Kitu kikivunjika ni mali bado, kiandikwe. Mtaani walisema marehemu ametosheka. Hatukuwasahihisha. Ukitoa maelezo ya kijifeni utaonekana hujui mambo.

Siku moja kabla ya wenyewe wapya kufika, ikabidi mtu apeleke disketi Diani. Mtu mwenyewe alikuwa mimi. Nilivaa viatu. Majirani walisimama kunitazama, "Mwali katolewa leo!" nikawapungia mkono kama bibi harusi. Nilizibeba zile disketi katika mfuko wa nailoni, ndani ya kitambaa, mikono miwili.

Ofisini meneja aliziingiza moja moja. Nilisimama nikiangalia skrini yake, nikiingoja ife. Haikufa. Yakapita majina ya vitu niliyoyasoma kwa mdomo wangu, mpaka mguu wa kitanda uliovunjika. Alisoma mpaka mstari wa mwisho. Msichana wa Nairobi alipita mlangoni, akachungulia, akaenda zake.

"Mwambie kiti chake kipo," meneja akasema. "Siku zake zikiisha, aje. Nitawaambia wamngoje."

Nilirudi Msambweni jua limeinama. Nilivua viatu, nikaenda moja kwa moja mlangoni kwa dada. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, hana karatasi ya kuandika, mikono haina kazi.

"Kasema kiti kipo," nikamwambia.

Alinitazama kana kwamba anangoja nimalize. "Kipi? Cha dirishani, au wamenihamishia kile cha karibu na choo?"

Sikuwa nimeuliza. Nilikuwa nimetumwa jambo moja, safari nzima ya Diani, na viatu, na nimerudi na nusu yake. Nadhani uso wangu ulisema yote, kwa sababu dada alianza kucheka. Alijiziba mdomo kwa ncha ya kanga, kicheko kikapenya. Akainama, kikatoka kwingine. Tangu msiba sikuwa nimekisikia kicheko chake, na mjane hacheki hivyo, mtaa una masikio.

Jikoni, shangazi akachukua mfuniko wa sufuria akaanza kuugongagonga kwenye jiko, kwa nguvu, akilalamika kwa sauti ya juu kuhusu mkaa mbichi, na hakuacha mpaka dada alipomaliza.